Nilikimbia riba nikaingia murabaha, sasa mume ananicheka na deni liko palepale

BARUA

Shikamoo mama mshauri, assalaam alaykum. Jina langu naomba usilitoe maana mume wangu na yeye anasoma safu hii.

Mimi ni mshonaji, nina watoto watatu. Mwaka juzi oda zilikuwa nyingi mpaka nalala saa nane za usiku, wateja wengi wanataka nguo zilizodariziwa na mimi sina mashine ya kudarizi, kazi ile napeleka kwa mtu mwingine na faida yote inabaki kwake. Nikaona ninunue yangu. Mume wangu akasema haina shida, mimi nachukua mkopo wa mshahara, wiki moja tu hela ipo. Nikakataa. Marehemu baba alituusia sana tukae mbali na riba, mpaka siku zake za mwisho anarudia, sasa mimi ndo niwe wa kwanza kuvunja? Nikaenda benki ya kiislamu.

Ofisa aliyenipokea ni kijana mpole sana, ananiita dada. Akanieleza hii siyo mkopo, hii ni murabaha, sisi tunanunua mashine halafu tunakuuzia kwa faida, wewe unatulipa kidogo kidogo miezi 36. Tuseme mashine ni 100, wao wananiuzia 130. Nikaona sawa, ni biashara kama biashara nyingine.

Sasa makosa yangu yanaanzia hapa. Muuzaji akanipigia simu kwamba kuna mtu mwingine anaitaka ile mashine, nikaingiwa na hofu, nikaazima hela kwa kaka yangu nikainunua siku hiyohiyo. Kesho yake naenda benki na aibu zangu nikamwambia yule ofisa mashine nimeshaichukua, basi tuache. Akacheka, akasema dada usijali, lete risiti tu, utasaini na fomu ya uwakala kwamba uliinunua kwa niaba yetu. Nikasaini makaratasi kama nane kwa mkupuo, sikusoma hata moja, dakika kumi na tano zimeisha. Hela ikaingia kwenye akaunti yangu, nikamlipa kaka yangu. Mashine yenyewe hakuna mtu wa benki aliyewahi kuitia machoni mpaka leo.

Mume wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mke wangu hiyo ni riba imevaa kanzu, mimi ningekopa kwa 120 wewe umeenda kulipa 130 ili wafute neno riba waandike faida. Yale maneno yaliniuma lakini jibu sikuwa nalo.

Afu oda zikapungua. Nikachelewesha miezi miwili, kuangalia nimekatwa hela imeandikwa sadaka ya kuchelewa. Sadaka gani ya lazima jamani? Ofisa akaniambia hiyo sisi hatuli, inaenda kwa masikini. Juzi kanipigia tena, anasema nije wanifungulie murabaha mpya, ile ya zamani watailipa kwa hiyo mpya, muda utakuwa mrefu na rejesho la mwezi litashuka, ila faida itaongezeka kidogo.

Mume anasema achana nao, nachukua mkopo wa mshahara tunafunga deni lote. Mama yangu na yeye kasikia, ana akiba yake kwenye benki hiyohiyo, akaunti ya mudharaba, ile ya kugawana faida na benki, anaweka kwa ajili ya hija. Anasema njoo uchukue mwanangu ulipe, utanirudishia ukipata. Sasa hela ya hija ya mama nile mimi na mashine yangu?

Naomba uniambie mama, nimekula riba au sijala? Nifuate ya mume, ya benki au ya mama? Nyumbani hatujagombana ila tukikaa mezani stori hii ikianza mmoja wetu ananyanyuka.

Mimi mshonaji mwenye mashaka.

JIBU

Marahaba mwanangu, wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuhurumia, mara ya pili nikakaa na kalamu naandika tarehe pembeni, maana shida yako kwa jinsi ninavyoiona kubwa yake iko kwenye tarehe. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane umeniuliza nini. Umeniuliza mambo matatu yamefungwa kamba moja: kuna swali la dini, hili ulilolifanya ni riba au biashara, kuna swali la hela, deni litalipwa na nini, na kuna la nyumbani, ambalo hukulitaja mpaka mstari wa mwisho lakini nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Kwenye la kwanza mimi siyo mufti, sitakupa fatwa. Nitakueleza mambo yanavyotakiwa kwenda ili ukienda kuuliza ujue unauliza nini.

Tuanze na kicheko cha baba watoto, kwamba wamefuta riba wakaandika faida. Ni maneno matamu ila Kiswahili chetu ndicho kinamsaidia. Sisi neno riba tumelichukua kwenye Kiarabu tukalifanya jina la kila siku la ile nyongeza ya benki, ndiyo maana hata benki ambayo haina habari na dini inatangaza riba nafuu bila wasiwasi. Waarabu wenyewe sasa, ile nyongeza ya benki za kawaida wanaiita faida! Na faida ya mfanyabiashara wanaiita ribhi. Kwa hiyo ukishika neno peke yake, huku litakuhukumu na kule litakuachia. Inabidi uangalie kilichofanyika.

Na wewe nikuulize kitu kwa upole: ni nani alikuambia 130 ndiyo tatizo? Kwenye barua yako naona kama ule ughali ndio unakuchoma. Wanazuoni wengi wanakubali mtu kuuza kwa bei ya juu akikopesha kuliko akiuza taslimu, mradi bei ikubaliwe mara moja na isiongezeke tena. Aya ya 275 ya sura ya Baqara inasema Allah amehalalisha biashara na akaharamisha riba, na inawajibu watu waliokuwa wanasema hayohayo anayosema mume wako, kwamba biashara si ni kama riba tu. Yaani hilo swali ni la zamani sana mwanangu, asikufanye ujione mjinga.

Sasa tofauti iko wapi. Kwenye mkopo benki inakupa hela na inadai hela zaidi. Kwenye murabaha benki inatakiwa inunue kitu kiwe chake, hata kwa nusu saa, na kwa hiyo nusu saa kikiungua au kikivunjika hasara ni yake, ndipo inakuuzia na kukutajia imenunua kwa ngapi na inaongeza ngapi. Ile faida inapata uhalali wake kwenye hiyo nusu saa ya kubeba hasara. Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Hakim bin Hizam usiuze usichokuwa nacho, na wanazuoni wa Jumuiya ya Fiqhi, yaani ya sheria za Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988 kuijadili murabaha hii ya mteja kuagiza kitu benki imnunulie waliiruhusu kwa sharti kwamba bidhaa iingie kwanza mikononi mwa anayeuza.

Wewe mashine uliinunua kwa hela ya kaka yako, ikawa yako. Kesho yake benki ikakuuzia... nini? Mashine yako mwenyewe? Hapo ndipo penye kidonda, na tazama kwamba mume wako hakukigusa kabisa, yeye alicheka bei. Viwango vya AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain tangu 1991 ambayo benki nyingi za aina hii duniani zinafuata, vinasema mteja asifanywe wakala wa kujinunulia ila pakiwa na haja kubwa kweli, na vinasema hela alipwe muuzaji moja kwa moja, isiingizwe kwenye akaunti ya mteja. Waliyaona mapema haya, walijua vijana wapole watakuja na lete risiti tu.

Ila usibebe mzigo wote peke yako. Wewe ulikwenda mwenyewe ukasema mashine nimeshaichukua tuache. Ulisema kweli! Aliyejua utaratibu ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Ile hadithi maarufu ya riba iliyopokewa na Imamu Muslim inamtaja anayekula, anayemlisha, mwandishi na mashahidi wawili, kwa hiyo hata dini haimuachi mwandishi wa makaratasi aende zake. Kosa lako wewe ni kusaini karatasi nane bila kusoma, na hilo sikutetei, maana hata kwenye mkopo wa kawaida lingekuumiza.

Hiyo sadaka ya kuchelewa pia imekukera, ila kama kweli haibaki benki basi iko kwenye utaratibu wao. Benki haitakiwi kunufaika na kuchelewa kwako, kwa hiyo mteja anaahidi kwenye mkataba kwamba akichelewa atatoa kiasi fulani kiende kwenye mambo ya heri chini ya usimamizi wa bodi ya sharia, wale wanazuoni wanaoikagua benki. Lengo ni kumzuia mwenye uwezo anayezembea. Je wewe ulizembea au ulikwama? Hilo waambie, tena kwa maandishi, kwa sababu aliyekwama ana aya yake, Baqara 280, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafuu.

Haya, njia zako.

Hiyo murabaha mpya ya kulipa ya zamani ndiyo inaniogopesha kuliko zote, nakwambia wazi. Deni limekushinda, wanakuongezea muda na wanakuongezea deni. Zamani kabla ya Uislamu mdai alikuwa anamwendea mdaiwa wake anamwambia unalipa au unaongeza, na hiyo ndiyo riba ambayo hakuna mwanazuoni anayebishana nayo. Rejesho la mwezi litashuka ndiyo, utapumua, lakini jumla utakayolipa itapanda na mashine ni ileile moja. Kitu unachoweza kuomba ni kupangiwa upya muda bila kuongeza hata senti, na benki ya kiislamu inayojiheshimu inaweza kukubali. Inaweza kukataa vilevile, au ikakubali na ikataka dhamana zaidi, na kukaa umechelewa huku unabishana nao kunaweza kukuharibia jina siku nyingine ukitaka kukopa.

Njia ya mume wako ina uzuri wake, tusimdharau. Mtu anayesema leta hilo deni niliweke kwenye mshahara wangu anakupenda, hata kama anacheka vibaya. Lakini utakuwa umetoka kwenye jambo lenye shaka ukaingia kwenye lile lile ulilolikimbia siku ya kwanza, tena kwa macho yako. Halafu kuna la kidunia kabisa: mshahara wake utakatwa kila mwezi, kazi ikiyumba nyumba nzima inayumba, na kiwango cha nyongeza kwenye baadhi ya mikopo ya namna hiyo kinaweza kupanda katikati ya safari, wakati ile 130 yako haipandi. Muulize yeye hayo kwa utulivu. Nina hisia kwamba anaposema riba imevaa kanzu anataka kusema ulifanya uamuzi mkubwa wa hela bila mimi. Naweza kuwa nakosea, wewe ndiye unaishi naye.

Hela ya mama sasa. Hiyo ingekuwa kardhi hasana, mkopo usio na nyongeza, na kwa upande wa dini ndiyo safi kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba mama wa Kiswahili hakudai, atakaa kimya mwaka hadi mwaka na hija inampita, na ndugu zako watajua tu, hayo mambo hayafichiki. Ukichukua, andikeni na mashahidi wawili, aya ndefu kuliko zote kwenye Qurani ni Baqara 282 na inazungumzia kuandika madeni, kwa hiyo mama asione unamvunjia heshima. Na siyo lazima uchukue yote. Pengine cha kukutoa kwenye ile miezi miwili kinatosha ukapata pumzi ya kuongea na benki bila kukimbizwa. Kama utachukua ya kufunga deni lote, usilipe kabla hujauliza watakupunguzia kiasi gani, kwa sababu anayemaliza mapema benki inaweza kumsamehe sehemu ya faida, ila ni hiari yao, mara nyingi halikuandikwa kuwa haki yako. Mama naye aulize akivunja akaunti ya mudharaba kabla ya muda anapoteza nini kwenye gawio. Na kwa kuwa tumeigusa, ajue kwamba mudharaba ni hela yake kufanyiwa biashara, faida wanagawana kwa sehemu walizokubaliana, hasara ya mtaji ni ya mwenye hela. Kama wamemuahidi kiasi kilekile kila mwezi hata mvua inyeshe, aulize kinatoka wapi.

Kuna mtu mmoja umempita haraka kwenye barua, kaka yako. Alikuwa na hela ya mashine nzima siku hiyohiyo ulipomwomba. Je, angekubali kuingia kama mshirika, anaweka mtaji mnafunga deni, mashine inakuwa yenu wawili na mnagawana faida kwa sehemu mtakayopatana? Hiyo ndiyo musharaka, na wanazuoni wengi wanaona ndiyo roho ya haya mambo, kuliko murabaha ambayo benki zimeipenda kwa sababu haina presha. Shida ni kwamba mwezi wa hasara mnaumia wote, kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake, na wewe utalazimika kuandika vitabu vya hesabu ambavyo, nisamehe, kwa mtu aliyesaini karatasi nane bila kusoma sijui kama unavyo. Na ndugu akishakuwa mshirika, ugomvi wa hela unakuwa wa ukoo.

Kabla ya kuchagua lolote kati ya haya ningeomba uende benki, usiende kwa yule kijana, omba nakala ya kila ulichosaini na uombe suala lako lifike kwenye bodi yao ya sharia. Ni haki yako kuuliza, bodi zile zipo kwa kazi hiyo. Usiende na matumaini ya kufutiwa deni lakini. Bodi ikiona mkataba uliharibika, kwa kawaida ile faida wanaamuru isiingie kwenye mapato ya benki, itolewe kwenye mambo ya heri, na ile 100 waliyokupa inabaki kuwa deni lako kwa namna yoyote. Wengine wataangalia fomu ya uwakala ina tarehe gani na watasema yamekwisha, mkataba umekamilika. Inawezekana pia wakakuzungusha tu. Mwendee na mwanazuoni unayemwamini nje ya benki, na ikiwezekana nenda na mume wako, akasikie mwenyewe, kwa sababu akitoka pale hata kama bado anacheka atakuwa anacheka kitu anachokijua.

Ukizipata hizo karatasi angalia tarehe tatu: ya risiti ya mashine, ya fomu ya uwakala, na ya mkataba wa mauzo, uone kama kweli ulikuwa wakala wao siku uliponunua au uwakala ulikuja baada ya kununua. Angalia na jina lililoko kwenye risiti, ni lako au la benki. Niandikie tena uniambie zinasemaje.